Kurasa 300 za kupanda Kilimanjaro "ukitokea" kila mji: tulipe au tuache?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi na mdogo wangu tuna kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, tupo Moshi. Tovuti tunayo lakini ukitafuta Google hatuonekani, na wageni wetu karibu wote wanaletwa na wageni wa zamani. Sasa amekuja fundi wa tovuti, anasema atatutengenezea kurasa 300, kila moja na jina la mji: "Panda Kilimanjaro ukitokea Leeds", "ukitokea Chicago", hivyo hivyo, na ndani ya mwezi tutakuwa namba moja. Bei ni milioni mbili na nusu. Tumeshampa laki nane na ameshapandisha kurasa 40 za kuanzia. Nimekutumia linki tano uzione. Mdogo wangu anasema Arusha yote wanafanya hivi. Mimi roho inasita. Ni halali? Google wanaweza kutufungia? Na hizo 40 tuziache au tuzifute? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Salama dada, poleni na kazi. Nianze na jibu fupi, maana najua fundi anasubiri simu. Kurasa 260 zilizobaki msizichukue. Zile 40 zifuteni, isipokuwa moja nitakayoitaja huko chini. Kuhusu uhalali, hakuna polisi atakayebisha hodi kwa sababu tu una kurasa nyingi, ila ni kinyume cha masharti ya Google yaliyoandikwa wazi, na ndani ya hizo kurasa kuna sentensi kadhaa ambazo ni tatizo hata kama Google isingekuwepo.

Nimezifungua zote tano. Wa Leeds unaanza kwa kumpongeza mkazi wa Leeds kwa kuota kusimama juu ya paa la Afrika. Wa Manchester unampongeza mkazi wa Manchester kwa maneno yale yale, mkato kwa mkato, mpaka aya ya tatu ambapo fundi amesahau kubadilisha na bado inasema "timu yetu ya Leeds itakupokea". Timu gani hiyo ya Leeds, dada? Halafu zote tano zinasema mgeni wa njia ya Marangu atalala kwenye hema Barafu usiku wa kwenda kileleni. Hilo mgumu (mpagazi wa mlimani) yeyote wa Pasua hapo Moshi atalicheka. Marangu watu wanalala kwenye vibanda, Mandara, Horombo, Kibo. Barafu iko upande wa pili, kwa wanaopitia Machame, Lemosho na Umbwe. Aliyeziandika hajui mlima, na wala hakuhitaji kuujua, kwa sababu hakuziandika ili zisomwe na mtu anayepanga safari. Zimeandikwa ili mashine ione neno "Leeds" karibu na neno "Kilimanjaro".

Wenye kazi hii huziita kurasa za mlango. Ni kama mtu akodi fremu ishirini Double Road, kila moja na bango lake, na ukiingia yoyote unakuta korido tupu inayokupeleka kwenye meza ileile moja. Kwako meza yenyewe ni ukurasa wa bei, kwa maana kila ukurasa niliousoma unaishia na kitufe kimoja kinachompeleka mtu huko. Masharti ya Google yanapotoa mifano ya kurasa za mlango yanataja karibu hicho hicho: kurasa au tovuti nyingi zinazolenga mikoa au miji mbalimbali, zote zikimsukumia mtu kwenye ukurasa mmoja. Fundi wako hakuvumbua mwanya. Amechukua mfano uliomo kwenye orodha ya makatazo akakuuzia.

Mdogo wako, ambaye naona ndiye wa kushawishiwa, asome kisa cha BMW. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo ya Google. Haikushushwa nafasi, iliondolewa. Walikuwa na kurasa zilizojazwa maneno, hasa lile neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, limerudiwa na kurudiwa, na roboti ya Google (programu inayozunguka ikisoma tovuti) ikazisoma hivyo. Lakini binadamu akizifungua, kipande cha programu ndani ya ukurasa (JavaScript) kilimrusha papo hapo kwenye ukurasa mwingine wenye picha nzuri na maneno machache. Matt Cutts, mhandisi aliyekuwa akipambana na takataka za mtandaoni pale Google, akaliandika hadharani. BMW walikubali kwamba walitumia kurasa za mlango, wakakana kwamba nia ilikuwa kudanganya, wakazitoa, na baada ya siku chache wakarudishwa.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama onyo kwamba hata mkubwa anaadhibiwa. Mimi nakisoma kinyume. Mkubwa alirudi baada ya siku chache. Mtu akitafuta BMW asiione BMW, aibu ni ya Google, kwa hiyo Google yenyewe ina haraka ya kumaliza shauri. Mtu akitafuta kampuni ya kumpandisha Kilimanjaro asiione yenu, anaona nyingine kumi na maisha yanaendelea. Hakuna mtu Google, wala Uingereza, wala hapa Arusha, atakayegundua kuna kitu kimepungua. Ndiyo maana hesabu ya hatari ya kampuni kubwa haiwezi kuwa hesabu yenu.

Na kufungiwa kwenyewe kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ina barua: mtu wa Google ameitazama tovuti, amekuta uvunjaji wa masharti, na ujumbe unaingia kwenye Search Console (ni huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, kama hamjaifungua, fungueni leo). Hapo unasafisha, unaandika maombi ya kuangaliwa upya, unasubiri. Ya pili haina barua. Mitambo inayopanga matokeo inaiona tovuti kwamba sehemu kubwa yake ni makapi, na inaanza kuishusha kimyakimya, pamoja na kurasa zile nzuri mlizoandika wenyewe. Hakuna pa kukata rufaa. Kwa kampuni ndogo ninazozihudumia hapa Arusha, hii ya pili ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu mwenye kampuni anadhani ni msimu mbaya, anapunguza bei, anabadilisha picha, wakati ugonjwa uko kwenye kurasa ambazo hata hakumbuki kama zipo.

Fundi atakwambia Google hawawezi kujua, kwani majina ya miji ni tofauti. Hilo lilishapatiwa dawa kabla Google haijaanzishwa. Mwaka 1997 Andrei Broder na wenzake katika kampuni ya Digital, waliokuwa na mtambo wa kutafuta wa AltaVista, walieleza njia ya kupima kurasa mbili zinafanana kiasi gani. Unaukata ukurasa katika vipande vya maneno yanayofuatana, tuseme manne manne, kila kipande kikianza neno moja mbele ya kile kilichotangulia. Ukurasa wa maneno 500 unatoa vipande 497. Kwenye ukurasa wako Leeds imetajwa mara sita. Kila mara inaingia kwenye vipande vinne tu, kwa hiyo ukiibadilisha kuwa Manchester, vipande vilivyobadilika havizidi 24. Vile 473 vingine vimebaki kama vilivyokuwa. Kwa mashine hizo si kurasa mbili, ni ukurasa mmoja uliobadilishwa shati. Mwaka 2007 watafiti wa Google, pamoja na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha andiko linaloeleza jinsi ukurasa mzima unavyoweza kufupishwa kuwa alama ya biti 64, kisha alama zinazokaribiana zikatafutwa ndani ya hazina ya kurasa bilioni 8. Bilioni nane, na ilikuwa 2007. Mia tatu zenu ni kazi ndogo sana.

Fundi mjanja zaidi atasema, basi nitatumia akili mnemba, kila ukurasa uandikwe upya kwa maneno yake. Kwa kukata vipande utaponyoka, ni kweli. Lakini Machi 2024 Google waliongeza katazo jingine linalohusu kuzalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo bila kumsaidia msomaji, na wakasema wazi kwamba haijalishi zimeandikwa na mashine, na mtu, au na wote wawili. Kutumia akili mnemba peke yake hawajakataza. Wanachouliza ni ukurasa upo kwa ajili gani. Na kwa hesabu yenu wenyewe, kurasa 300 zilizoandikwa na mashine zina makosa 300 ya Barafu na Marangu ambayo hamna muda wa kuyasoma na kuyasahihisha. Mgeni akiamini, akalipa, akafika getini Marangu na begi la hema, mtaongea nini?

Sasa usije ukadhani kosa ni kutaja mji. Hapa ndipo watu huogopeshwa wakafuta hata vitu vya maana. Kati ya zile linki tano, moja ni "ukitokea Nairobi". Ilivyoandikwa haina maana, ni ileile ya Leeds. Lakini mada yenyewe inastahili ukurasa, na ndiyo ile niliyosema msiifute. Fikiria: anayetoka Leeds na anayetoka Manchester wote watapanda ndege, wabadilishe Amsterdam, Doha au Addis Ababa, washuke uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), na kuanzia hapo hadithi yao ni moja. Hakuna kitu cha kweli unachoweza kumwambia wa Leeds ambacho hakimhusu wa Manchester. Anayetoka Nairobi ana safari nyingine kabisa. Anaweza kupanda shatoo ya Namanga kupitia Arusha, au akapita Voi na Taveta akavuka Holili, na Holili si mbali na Moshi. Kama ni raia wa Kenya, viingilio vya hifadhi analipa kwa kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi, tofauti kubwa na kile cha mgeni wa Ulaya. Kama ni Mmarekani anayefanya kazi Nairobi anataka kujua viza yake. Atauliza kama anaweza kutoka Ijumaa jioni, alale wapi, aanze lini. Huo ukurasa ukiandikwa na mtu aliyewahi kuwapokea wageni pale mpakani, mtu wa Nairobi atausoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo kipimo changu ninachowapa wateja ni hiki: mtu akifika kwenye ukurasa huu, akausoma, asibofye kitu kingine chochote, ameondoka na nini? Kama jibu ni "hakuna, mpaka aende kwenye ukurasa wa bei", huo ni mlango. Idadi haina neno. Kampuni inaweza kuwa na kurasa 300 za kweli, na inaweza kuwa na tatu za uongo.

Kuhusu hoja ya mdogo wako kwamba Arusha yote wanafanya hivi. Wapo, sikatai, na wapo walio juu leo hii. Google haikamati kila mtu, na wala si hakimu wa haki. Kuna takataka zinakaa ukurasa wa kwanza miezi na miezi. Lakini ukizichunguza zile kampuni zinazokaa juu mwaka baada ya mwaka, utakuta zina mambo mengine: tovuti ya zamani, wageni wengi walioandika maoni yao, mawakala wa nje na waandishi wa safari waliowawekea linki. Kurasa za miji zimo humo kama uchafu ambao tovuti yenye nguvu bado inaubeba. Ninyi mkiiga uchafu bila hizo nguvu, mnabaki na uchafu. Tena mwulize fundi mwenyewe: akupe jina la kampuni moja aliyoifanyia hivi miaka miwili iliyopita na ambayo bado iko juu. Atakupa ya mwezi uliopita.

Na hiyo ahadi ya namba moja, Google wenyewe wanawaambia wenye tovuti kwamba hakuna anayeweza kuwahakikishia nafasi ya kwanza. Anayeiahidi huwa ana hila moja: atakuonyesha uko namba moja kwa sentensi ambayo hakuna binadamu anayeitafuta, kama "kampuni bora nafuu kupanda Kilimanjaro ukitokea Leeds". Kisha atakuja na grafu iliyopanda. Itazame vizuri, dada. Mara nyingi ni grafu ya mara ambazo linki yako ilijitokeza kwenye matokeo, hata kama ilikuwa ukurasa wa nane. Mwombe ya mibofyo. Halafu hesabu mwenyewe barua pepe na meseji za WhatsApp za watu wanaouliza tarehe. Mtu anayeuliza tarehe ndiye mgeni.

Sasa zile sentensi nilizosema ni tatizo bila Google. Kudai mna timu Leeds wakati hamna ni kumpotosha mteja, na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Sisemi mtashitakiwa kesho. Nasema mgeni atakayegombana nanyi kwa sababu nyingine yoyote, tuseme hakufika kileleni na anataka fedha zake, atapiga picha ya ukurasa huo na kuitumia kila anapolalamika. Na kama fundi amependekeza kuwawekea alama kwenye ramani ya Google kwa anwani za Ulaya, kataeni kabisa. Google wakigundua anwani ni ya uongo wanaweza kuusimamisha wasifu wa biashara, na yale maoni mazuri ya wageni wenu yanapotea machoni pa watu pamoja nao. Hayo maoni ni mali kubwa kuliko tovuti.

Kabla hamjafuta, fanyeni ukaguzi, maana fundi anayeuza kurasa za mlango mara nyingi huacha na vitu vingine. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na A pamoja ili kila kitu kichaguliwe. Nimefanya hivyo kwenye ule wa Chicago na chini kabisa, kwenye sehemu nyeupe inayoonekana tupu, yametokea majina ya miji ya Marekani zaidi ya thelathini, maandishi meupe juu ya rangi nyeupe. Huo ni ujanja wa zama za AltaVista, nimeshangaa kuukuta bado unauzwa. Pia ingieni Search Console, kuna sehemu ya kukagua anwani ya ukurasa mmoja mmoja inayokuonyesha Google iliuonaje. Kama walichokiona wao si hicho unachokiona wewe, basi kuna kitu kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) kinachoitambua roboti na kuipa chakula tofauti, na hilo ni zito kuliko kurasa za mlango. Kwenye linki tano sijalikuta, lakini zimebaki 35. Mwisho andika kwenye Google neno site, nukta mbili (:), kisha jina la tovuti yenu bila nafasi katikati. Itakupa orodha, hata kama si kamili, ya kurasa zenu ambazo Google inazo. Ukiona vitu msivyovijua, vya kamari au dawa za kuongeza nguvu, acheni mengine yote mtafute mtu wa usalama. Hapo si fundi tena, mmeingiliwa.

Kufuta kwenyewe kunafanywa vibaya na wengi. Msizielekeze kurasa zote 39 kwenda ukurasa wa mwanzo kwa kudhani mnaokoa kitu. Hakuna cha kuokoa. Zifuteni zitoe jibu la 404, au 410 kama seva yenu inaruhusu, maana yake "hakipo" na "kimeondolewa moja kwa moja". Ziondoeni pia kwenye ramani ya tovuti ile ya faili la sitemap, vinginevyo mnaendelea kuitangazia Google kurasa mlizozika. Wa Nairobi uandikwe upya kwenye anwani ileile. Google itachukua wiki kadhaa kuzisahau zile nyingine, na hakuna haja ya kuhangaika kila siku kuangalia.

Baada ya hapo, hela iliyobaki. Mna kitu ambacho fundi wa kurasa 300 hana, na ni mdogo wako. Mtu anayepanda ule mlima kila msimu anajua majibu ya maswali ambayo wageni wanayatafuta usiku wakiwa kitandani, na hajawahi kuyaandika kwa sababu kwake ni mambo ya kawaida. Aprili na Mei mvua zikiwa zimeshika na wageni wamepungua, mkae naye na simu ya kurekodia, umwulize kama mgeni. Kwa nini wa Marangu mnamshauri siku sita badala ya tano? Atakwambia ile siku ya ziada Horombo, kwenye mita 3,720, mnatembea mpaka Mawe ya Pundamilia na kurudi kulala palepale, na nani kati ya wageni huwa anajuta kuikataa. Kwa nini wa Lemosho wanaamshwa mapema kuliko wa Machame siku ya kwanza? Kwa sababu kutoka Moshi unazunguka Boma Ng'ombe na Sanya Juu mpaka Londorosi, na kuna kujiandikisha na kupima mizigo kabla mtu hajaanza kutembea, wakati Machame iko hapo juu tu. Wa Rongai je, mbona anasajiliwa Marangu kisha anarudi barabarani kwenda Tarakea? Mzigo wa mgumu mwisho kilo 20, sasa mgeni mwenye begi la kilo 23 afanyeje, aache nini Moshi, mnamhifadhia wapi? Asiyekula nyama anapikiwa nini Barafu, juu ya mita 4,600, mahali ambapo hata wali unagoma kuiva?

Kila swali hapo ni ukurasa, na nyingine ni fupi tu, maneno mia mbili na picha mbili za simu. Hamhitaji 300. Hata ishirini kwa mwaka ni nyingi kwa kampuni ya watu wawili. Bei mziweke wazi, mkitenganisha ada za hifadhi na fedha yenu, maana mgeni anayelinganisha kampuni hajui kwamba sehemu kubwa ya anacholipa inakwenda TANAPA, na anayeuza kwa bei ya kutupa lazima apunguze mahali, kwa kawaida kwenye posho za wagumu au chakula chao. Andikeni mnawalipa wagumu kiasi gani. Wageni wengi wa Ulaya na Marekani siku hizi wanauliza hilo kabla ya kuuliza njia, na kama mnafanya vizuri ni ujinga kulificha. Weka namba ya leseni ya TALA (ile ya biashara ya utalii) mahali inapoonekana.

Na wale wageni wa zamani wanaowaletea wageni, hao ndio Google yenu ya kweli kwa sasa. Mwombeni kila mmoja aandike maoni akiwa bado Moshi anasubiri ndege, simu iko mkononi na miguu bado inauma. Asipewe zawadi kwa kuandika wala asiambiwe aseme nini.

Utaniuliza haya yatachukua muda gani kuonekana. Miezi, si wiki, na mwaka wa kwanza bado mtategemea wageni wanaoletwa na maneno ya wageni wa zamani. Anayeahidi chini ya hapo anauza kitu kingine.

Limebaki suala la fundi, na hapa kuwa mwangalifu zaidi ya kote. Usimpigie kumwambia umeghairi kabla hujajua jina la tovuti limesajiliwa kwa nani. Nimeona kampuni zaidi ya moja hapa Arusha ambazo .com yao iko kwa jina na barua pepe ya fundi, na siku ya ugomvi ndiyo wanagundua. Ingia kwenye akaunti ya usajili wa jina, akaunti ya seva, na Search Console. Kote muwe ninyi wamiliki kwa barua pepe ya kampuni, si ya mtu binafsi. Kama nywila anazo yeye, mwombe kwa upole, mwambie mhasibu anazihitaji kwa mahesabu ya mwaka (si uongo, mhasibu anapaswa kujua mnalipia nini). Zikishafika, badilisheni siku hiyohiyo, mwondoeni kwenye orodha ya watumiaji, pakueni nakala ya tovuti nzima muiweke kwenye diski yenu. Ndipo mkae naye mzungumze kiungwana. Laki nane mliyompa sidhani kama itarudi yote. Kama kuna kazi halali aliyofanya, kuharakisha tovuti au kurekebisha fomu ya mawasiliano, ihesabuni humo, mwandikishiane kwamba hakuna anayemdai mwenzake, na asaini.